Isnadi na Matini: Ushahidi na Uvumi katika Masimulizi ya Kifo cha Patrice Lumumba

Kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, kimeandikwa sana tangu 1961. Zipo ripoti za tume, tasnifu, tamthilia, filamu na kumbukumbu za majasusi waliostaafu. Upande wa pili yapo masimulizi ambayo hayakuandikwa, au yaliandikwa kwa bahati tu, yaliyopita kinywa kwa kinywa katika mitaa ya Lubumbashi. Wataalamu wamezoea kuyapima makundi haya mawili kwa mizani mbili. Ripoti huulizwa kama ni kweli. Simulizi la mtaani huulizwa lina maana gani. Mgawanyo huu una sura ya heshima, kwa kuwa humpa msimulizi wa mtaani cheo cha msanii. Hata hivyo ndani yake mna dharau iliyofichika, yaani kwamba mtu wa ofisini hutoa ushahidi na mtu wa mtaani hutoa ishara. Katika makala haya imekusudiwa kuyapima yote kwa mizani moja, na kuonyesha kwamba katika jambo la Lumumba mpaka kati ya ushahidi na uvumi haukupita pale ambapo wasomi wengi wameuchora.

Jambo hili lina haki ya kujadiliwa katika jarida la lugha. Mji alikopelekwa Lumumba kuuawa, ulioitwa Elisabethville hadi 1966, ni mji wa Kiswahili. Watumishi wa nyumbani, askari na wafanyakazi wa migodi walioishi karibu na tukio lile walikuwa na lugha hiyo ya kulizungumzia, na Kiswahili cha Katanga ni mali ya uchunguzi wa idara zetu kama kilivyo Kiamu au Kimvita. Tena, sehemu kubwa ya ubishi uliopo ni ubishi wa maneno: nomino moja katika telegramu, kivumishi kimoja katika ripoti ya bunge. Aghalabu maneno hayo yamejadiliwa kana kwamba maana imo ndani yake kama maji yalivyomo mtungini.

Mizani itakayotumiwa si ngeni pwani yetu. Wanavyuoni waliorithi elimu ya Hadithi walifunzwa kuuliza mambo mawili juu ya kila neno lililopokewa. La kwanza ni isnadi, mnyororo wa wapokezi: nani alisema, alilipata kwa nani, alikuwapo au hakuwapo, ana sifa gani ya ukweli na maslahi gani katika jambo lenyewe. La pili ni matini, maneno yaliyopokewa: yanaafikiana na yale yanayojulikana kwa njia nyingine, au yanapingana nayo? Hapa zinaazimwa istilahi na utaratibu tu. Faida ya utaratibu huo ni kwamba haujali kama mpokezi ni waziri au mchunga mbuzi.

Yaliyokwisha thibitishwa ni haya. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na tarehe 11 Julai Moise Tshombe akaitangaza Katanga kuwa nchi ya peke yake, akiungwa mkono na maofisa na makampuni ya Ubelgiji. Tarehe 5 Septemba Rais Kasavubu alimwachisha Lumumba uwaziri mkuu. Tarehe 14 mwezi huo huo Kanali Mobutu akatwaa madaraka. Lumumba alitoroka Léopoldville mwishoni mwa Novemba, akakamatwa siku chache baadaye, akafungwa Thysville. Tarehe 17 Januari 1961 yeye, Maurice Mpolo na Joseph Okito walisafirishwa kwa ndege hadi Elisabethville, wakipigwa njia nzima. Usiku ule ule walipigwa risasi porini, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini, na askari na polisi wa Katanga waliokuwa chini ya maofisa wa Kibelgiji, mbele ya Tshombe na baadhi ya mawaziri wake. Baadaye maiti zilifukuliwa, zikakatwa vipande na kuyeyushwa kwa tindikali. Mtafiti makini habishani tena na haya. Ubishi umebaki juu ya nani aliamuru, na kwa neno gani.

Hadithi ya kwanza kutolewa hadharani ilikuwa ya serikali. Tarehe 10 Februari 1961 serikali ya Katanga ilitangaza kwamba wafungwa wametoroka. Tarehe 13 Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani, akawaambia waandishi wa habari kwamba wameuawa na wanakijiji. Kijiji hakikutajwa jina, na wanakijiji pia hawakutajwa. Mahali pa kaburi palifichwa, eti pasije pakawa pa kuhiji. Kisha akaongeza kwamba watu watawashtaki wao kuwa wauaji, na jibu lake ni kwamba wathibitishe.

Mhakiki wa fasihi simulizi akiitazama hadithi hii ataitambua jamaa yake mara moja. Ina muundo wa ngano: kijiji kisicho na jina, watu wasio na nyuso, wakati usio na saa, na zawadi ya fedha mwishoni. Isnadi yake ina mpokezi mmoja tu, naye ndiye mwenye maslahi makubwa kuliko wote. Uvumi uliokuwa ukienea wakati huo huo ulikuwa na sifa za kinyume. Ulitaja watu na vyeo vyao, nyumba, uwanja wa ndege, siku. Kwa kipimo cha isnadi na matini, basi, Februari 1961 uvumi ulikuwa wa waziri, nao ushahidi, ingawa wenye makosa, ulikuwa wa mitaani. Neno la Munongo la kutaka uthibitisho lilikuwa na ujanja wa kisheria, kwa sababu wakati analitamka mwili uliokuwa uthibitisho mkuu ulikuwa umekwisha yeyushwa. Mwenye kuudai ushahidi ndiye aliyejua kwamba haupo.

Makosa ya uvumi nayo yasifichwe. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa baada ya azimio la Baraza la Usalama la tarehe 21 Februari 1961 haikuruhusiwa kuingia Kongo. Ilikusanya ushahidi wake nje ya nchi na kutoa ripoti Novemba mwaka ule. Ilikubali kwamba wafungwa waliuawa tarehe 17 Januari, muda si mrefu baada ya kufika, na kwamba yaelekea wakubwa wa Katanga walikuwapo. Katika hayo ilipata. Lakini iliweka mauaji ndani ya nyumba si mbali na mji, na ikamshuku mamluki mmoja wa Kibelgiji, Kanali Huyghe, kuwa ndiye muuaji. Katika hayo ilikosa. Miongoni mwa yaliyoifikia ni simulizi lililokuwa limeenea sana, kwamba Munongo alichukua singe ya askari akamchoma Lumumba kifuani, kisha mzungu akammaliza kwa risasi. Simulizi hilo liliishi. Aimé Césaire alilipandisha jukwaani katika tamthilia yake ya 1966 juu ya Kongo, na wengi walioiona tamthilia hiyo wameichukua singe kuwa historia.

Singe hii yafaa itazamwe kwa makini, kwa maana inaonyesha namna uvumi unavyokosea. Haukosei ovyo. Watu walijua kwamba wakuu wa Katanga walikuwapo, na walijua kwamba wazungu walikuwapo. Matini hayo yote mawili yamo ndani ya simulizi, na yote mawili ni kweli. Kilichobuniwa ni kitendo chenyewe, na kilibuniwa kwa kanuni ya hadithi inayotaka uovu uwe na mkono mmoja na uso mmoja. Ndege iliyokodiwa, telegramu zilizopita kati ya Brussels na Elisabethville, karani aliyepiga chapa, rubani aliyefunga mlango ili asisikie vipigo nyuma yake: hayo hayaingii kwa urahisi katika hadithi ya singe. Kwa hiyo uvumi uliokusudia kuwashtaki wauaji uliishia kuwapunguza. Ulimbakiza Mwafrika mmoja katili, na mzungu mmoja wa kukodiwa.

Hapo uvumi wa mtaani ulikutana, bila kukusudia, na tasnifu ya msomi. Jacques Brassinne, Mbelgiji aliyekuwa Katanga kikazi wakati wa mauaji, alifanya uchunguzi kwa miaka mingi, akawahoji mashahidi kwa wingi, na kuwasilisha tasnifu yake Brussels mwaka 1991. Saa na mahali pa mauaji vilijulikana vizuri zaidi kutokana na kazi yake, na sifa hiyo haifai anyimwe. Lakini hitimisho lake ni kwamba jambo hili kwa asili yake lilikuwa ugomvi wa Wakongo wenyewe kwa wenyewe, na kwamba Wabelgiji waliokuwapo walikuwa mashahidi au watumishi tu. Ludo De Witte, katika kitabu cha Kiholanzi kilichotolewa 1999, alitumia sehemu kubwa ya ushahidi huo huo na kufikia hitimisho la kinyume: kwamba serikali ya Ubelgiji ndiyo iliyoipanga njia iliyomfikisha Lumumba mauti. Wasomi hawa wawili hawakuachana juu ya saa wala mahali. Waliachana juu ya nani ahesabiwe kuwa mtendaji wa kitenzi. Kwa Brassinne mtendaji ni yule aliyekuwapo porini na kuvuta kifyatulio. Kwa De Witte mtendaji ni yule ambaye bila tamko lake hakuna ambaye angekuwa porini usiku ule.

Hapa ndipo lilipo neno maarufu la telegramu ya tarehe 6 Oktoba 1960. Harold d'Aspremont Lynden, waziri wa Ubelgiji wa mambo ya Afrika, aliandika kwamba lengo kuu la kufuatwa, kwa manufaa ya Kongo, Katanga na Ubelgiji, ni kuondolewa kwa Lumumba moja kwa moja. De Witte aliusoma uondoaji huo kuwa amri ya kuua. Wengine, wakiwemo wanahistoria walioifanyia kazi tume ya bunge la Ubelgiji, waliusoma kuwa uondoaji wa kisiasa, yaani kumzuia asirudi madarakani. Kila upande umekuwa ukilirudia neno lile kana kwamba likisemwa mara nyingi zaidi litakiri.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali ili kuuelewa ugumu huu. Kitenzi *ondoa* kina ukunjufu ule ule. Huondolewa taka njiani, huondolewa shaka moyoni, huondolewa karani kazini, na Mungu akipenda humwondoa mja wake duniani. Hata kikiongezwa neno la kukaza, kama katika *kuondolea mbali*, bado chaweza kuhusu desturi mbaya au mtu hai. J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyotolewa kitabuni 1962, alieleza kwamba tamko ni tendo, na tendo hilo hujulikana kwa mazingira, kwa cheo cha msemaji, na kwa jinsi msikilizaji alivyolipokea. Kumuuliza mwanafilolojia neno la telegramu lina maana gani, basi, ni kuuliza nusu ya swali. Nusu nyingine ni kuuliza waliolipokea walifanya nini, na mwandishi wake aliwazuia au aliwahimiza.

De Witte ana hoja moja ya muktadha ambayo haikujibiwa vya kutosha. Kufikia tarehe 6 Oktoba Lumumba alikuwa amekwisha ondolewa uwaziri mkuu, bunge limefungwa, yeye mwenyewe hatoki nyumbani. Kama uondoaji wa kisiasa ulikwisha tendeka, ni uondoaji gani uliokuwa umebaki? Wapinzani hujibu kwamba bado alikuwa na wafuasi wengi bungeni na angeweza kurudi, na jibu hilo lina uzito wake. Lakini yapo matini ya pili, ambayo husomwa kwa haraka mno. Tarehe 16 Januari 1961 waziri yule yule alituma telegramu nyingine, akisisitiza kwamba Tshombe akubali Lumumba apelekwe Katanga bila kuchelewa. Wakati huo hakuna aliyeshughulikia mambo ya Kongo asiyejua wakuu wa Katanga walikuwa wakisema watamfanya nini Lumumba akitia mguu kwao. Telegramu ya Oktoba peke yake haimtii mtu hatiani. Ikisomwa pamoja na ya Januari, maana ya kwanza inafasiriwa na ya pili, kama vile neno lenye utata hufasiriwa na sentensi inayolifuata. Katika jambo hili De Witte ana haki zaidi kuliko wapinzani wake, ijapokuwa hoja yake ingekuwa imara zaidi kama asingeutupa mzigo wote juu ya telegramu ya kwanza.

Wamarekani nao walikuwa na kitenzi chao. Tarehe 26 Agosti 1960 Allen Dulles, mkuu wa shirika la ujasusi la CIA, aliandikia ofisi yake ya Léopoldville kwamba kuondolewa kwa Lumumba ni lengo la haraka na la kwanza. Wiki moja kabla ya hapo, tarehe 18 Agosti, ulifanyika mkutano mbele ya Rais Eisenhower, na mwandishi wa kumbukumbu za mkutano huo, Robert Johnson, alikuja kuiambia kamati ya Seneti mwaka 1975 kwamba maneno aliyoyasikia kwa Rais siku ile aliyaelewa kuwa amri ya kuua. Wengine waliokuwapo hawakukumbuka hivyo, na kumbukumbu zilizoandikwa hazina maneno hayo. Lakini mwishoni mwa Septemba mwanakemia wa CIA, Sidney Gottlieb, aliwasili Léopoldville akiwa na sumu. Sumu haikupewa mtu. Kamati ya Seneti ilihitimisha kwamba njama ya kuua ilikuwapo, na kwamba haikupatikana dalili kuwa ndiyo iliyomuua.

Hitimisho hilo limewaudhi wengi, wanaoona kwamba mwenye sumu hawezi kuwa mtu mbali na kifo. Lakini ni sawa kabisa. Nomino *njama* haibadiliki katika umoja na wingi, na ni upatanisho tu, *njama hii* au *njama hizi*, unaotujulisha hesabu yake. Mabishano mengi juu ya Lumumba yamekwenda mrama kwa sababu wabishi wameendelea na *njama hii* pale ambapo ushahidi unasema *njama hizi*. Emmanuel Gerard na Bruce Kuklick, katika kitabu chao cha 2015, walionyesha jinsi Brussels, Washington, maofisa wa Umoja wa Mataifa na wanasiasa wa Léopoldville na Elisabethville walivyokuwa kila mmoja akifanya lake, mara wakisaidiana, mara wakipitana kama wageni. Picha hiyo haina mvuto wa mkono mmoja uliofichika. Haimpi mtu yeyote nafuu pia.

Mfano wa upande wa pili, wa madai yenye mvuto lakini isnadi dhaifu, ulitokea 2013. Mjumbe mmoja wa bunge la juu la Uingereza aliandika katika jarida la London kwamba Daphne Park, aliyekuwa jasusi wa Uingereza mjini Léopoldville wakati ule, alimwambia wakinywa chai, miezi michache kabla ya kufa kwake mwaka 2010, kwamba yeye ndiye aliyeyapanga mauaji. Habari hiyo ilienea duniani kwa siku chache na mpaka leo hurudiwa kama jambo lililothibitika. Isnadi yake ina kiungo kimoja, nayo ikatolewa wakati msemaji wa asili hawezi kuulizwa. Matini yake hayaafikiani na mnyororo wa telegramu na safari ambao sasa unajulikana karibu saa kwa saa. Si lazima kusema kwamba mjumbe alisema uongo. Yatosha kusema kwamba madai hayo yabaki pembeni hadi yapate mpokezi wa pili. Waliokuwa wepesi kuyapokea walifanya hivyo kwa sababu Uingereza ni Uingereza na majasusi ni majasusi, na hiyo si hoja.

Kinyume chake ni ushahidi wa Gerard Soete, polisi wa Kibelgiji aliyeongoza kazi ya kuziangamiza maiti. Alipozungumza hadharani mwishoni mwa maisha yake, alikuwa akisema jambo alilolifanya kwa mikono yake, lenye kumdhuru yeye mwenyewe, na alikiri kwamba alichukua meno. Kwa mhakiki wa fasihi la ajabu zaidi ni kwamba Soete alikwisha yasema mengi ya haya katika riwaya ya Kiholanzi aliyoitoa mwaka 1978. Kwa muda wa miaka ishirini kitabu hicho kilikuwapo, na kwa kuwa juu yake paliandikwa riwaya, hakikupata uzito wa ushahidi. Aliyefanya tendo aliliungama kwa vazi la ubunifu, na waziri alibuni kwa vazi la taarifa rasmi. Wasomaji wakayaamini mavazi.

Baada ya haya yote, nadharia inayotawala sasa kuhusu uvumi wa Afrika Mashariki na Kati haina budi kuangaliwa upya. Kitabu cha Luise White cha 2000 kilikusanya masimulizi ya mumiani, wazimamoto na batumbula, watu waliodhaniwa kunyonya au kuuza damu ya Waafrika, kutoka Nairobi na Kampala hadi Katanga. White alikataa kuyacheka. Alionyesha kwamba wasimulizi walikuwa wakieleza utawala wa kikoloni, kazi, hospitali na polisi kwa lugha iliyofaa hali zao, na kwamba simulizi lisilo la kweli laweza kuwa chanzo kizuri cha historia. Sifa ya kazi hiyo haina ubishi. Taabu huanza wanafunzi wake wanapoichukua njia yake na kuitumia popote palipo na damu. Simulizi la mtu mweusi aliyeyeyushwa na polisi wa kizungu katika pipa la tindikali, lingekutwa katika kitabu cha uwandani bila jina la marehemu, lingefasiriwa kuwa sitiari ya jinsi mtaji wa migodi unavyoteketeza miili ya wafanyakazi. Fasiri ingekuwa nzuri, pengine ingepata tuzo. Na mtu angekuwa amekufa, na pipa lilikuwapo. Kumpongeza msimulizi kwa usanii wake kabla ya kumuuliza alijuaje ni kumfukuza katika chumba cha mahakama kwa adabu.

Kwamba hatari hii si ya kubuni yaonekana katika jambo jirani. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961 ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola, akiwa safarini kukutana na Tshombe. Wachoma makaa wa Kiafrika walisema waliona ndege zaidi ya moja angani. Uchunguzi wa wakati ule wa watawala wa Rhodesia haukuutilia maanani ushahidi wao. Ilikuwa hadi 2015 ambapo jopo la Umoja wa Mataifa lililoongozwa na Mohamed Chande Othman, aliyekuwa wakati huo bado ni Jaji Mkuu wa Tanzania, lilipoyachukua maneno ya mashahidi hao na kuyapa daraja ya nguvu kama lilivyoyapa maneno ya mtu mwingine yeyote: hayana nguvu, yana nguvu kidogo, ya wastani, au nyingi. Jopo halikusema kwamba ndege ilitunguliwa. Lilikataa tu kuamua kwa kutazama kazi ya msemaji.

Tume ya bunge la Ubelgiji, iliyotoa ripoti yake Novemba 2001, ilifanya kazi kubwa ya nyaraka, na bila yake telegramu nyingi zisingesomwa. Hitimisho lake lilikuwa kwamba baadhi ya mawaziri na Wabelgiji wengine walikuwa na dhima ya kimaadili katika hali zilizosababisha kifo. Kivumishi hicho kilichaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Kiswahili hutenga *hatia*, ambayo hutolewa na hakimu, *lawama*, ambayo hutolewa na watu, na *dhima*, ambayo mtu huibeba hata kabla ya kuulizwa. Tume ilichukua dhima ikaifunga kamba ya maadili ili isitembee hadi mahakamani. Waziri wa mambo ya nje aliomba radhi Februari 2002. Jamaa wa Lumumba hawakuikubali kamba hiyo. Mwaka 2011 walifungua mashtaka Brussels, wakidai kwamba tendo lile ni uhalifu wa kivita na kwa hiyo halikupitwa na wakati.

Kenya ina sababu zake za kuujali mjadala huu. Pio Gama Pinto, mmoja wa waanzilishi wa Taasisi ya Lumumba iliyofunguliwa Nairobi mwishoni mwa 1964, alipigwa risasi tarehe 24 Februari 1965. Taasisi yenyewe ilifungwa mwaka ule ule. Yaliyosemwa juu ya kifo chake, na baadaye juu ya vifo vya Tom Mboya, J. M. Kariuki na Robert Ouko, yana mchanganyiko ule ule wa kamati, fununu na kurasa zilizopungua. Hayo yanahitaji makala yao yenyewe.

Yabaki masimulizi ya Lubumbashi. Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mjini humo 1947, alichora kati ya 1973 na 1974 picha zaidi ya 100 za historia ya nchi yake na kuzieleza moja moja kwa Kiswahili mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyezitoa kitabuni 1996. Katika kifo cha Lumumba alichora misalaba mitatu kwa mbali, na alimlinganisha na Yesu. Wahakiki wameandika mengi juu ya misalaba. Wachache wameuliza ni nini Tshibumba alikijua, ingawa mwenyewe alijiita mwanahistoria na alitaka kubishiwa kama mwanahistoria. Miili mitatu imo, tarehe imo, hakuna wanakijiji. Yaani zaidi ya miaka ishirini kabla ya ripoti ya bunge la Ubelgiji, hadithi ya Munongo ilikuwa haina nafasi hata ya pembeni katika turubai ya mtu wa mtaani.

Kitabu kile kimewapa wasomaji maelezo yake kwa tafsiri ya Kiingereza, na hapo pana jambo la isimu. Kiswahili kina njia kadhaa za kusimulia mauaji. Katika *aliuawa* mtendaji hayupo, lakini nafasi yake ipo: kiunganishi *na* chaweza kumleta wakati wowote. Katika *inasemekana aliuawa* msemaji hana hata nafasi, kwa maana kauli ya kutendeka haikubali *na fulani* baada yake. Ndiyo sababu magazeti huipenda. Kiswahili cha Katanga husema pia *balimuua*, chenye kiambishi *ba-* badala ya *wa-*. Kiambishi hicho chaweza kuwa cha watu wasiojulikana, hata kikawa sawa na kauli ya kutendwa. Chaweza vilevile kuwa cha watu ambao msemaji na msikilizaji wote wawili wanawajua na hawana haja ya kuwataja, au wana sababu ya kutowataja. Katika mji ambao mawaziri wa zamani wa Katanga walikuwa bado wakiishi, tofauti kati ya *ba-* hizo mbili ilikuwa jambo zito. Mfasiri wa Kiingereza hana kiambishi cha namna hiyo. Hulazimika kuamua, sentensi kwa sentensi, kama msemaji hakumjua muuaji au alimjua akanyamaza.